Mama Roda na Pembe ya Shuka

Vijana wangu, mliponiomba niandike kitu katika jarida lenu kuhusu kazi niliyoifanya zamani, nilikubali haraka, kisha nikakaa na kalamu siku nyingi bila kuandika. Mimi si mwandishi. Shule niliiachia darasa la saba, na Kiswahili changu ni cha Kakamega, cha kusikia na kusema. Nilichonacho ni mazoea ya kuandika kidogo kila jioni yale yaliyotokea mchana, na hata hayo maandishi nikiyasoma leo yananibishia. Mimi nakumbuka jua, yenyewe yanasema mvua. Kwa hiyo mkikuta mahali nimekosea, mjue sikutaka.

Lakini Jumapili iliyopita nilisikia jambo kanisani, na nikaona afadhali nianzie hapo.

Ibada ilikuwa imeisha. Wewe Brian ulikuwa unakunja waya za projekta, na Sheila alikuwa anafunga kompyuta. Nilikuwa nimeinama natafuta miwani yangu chini ya benchi, ndiyo maana hamkuniona. Ukasema, "Huyu shosh Roda anavutanga pazia kila wimbo. Siku moja atalishusha lote litufunike." Sheila akajibu, "Tumhamishe akae nyuma karibu na dirisha. Hapo mbele anachoka bure."

Mlisema kwa upole, na Sheila hata alisema mtamtafutia kiti chenye mto. Kwa hiyo siwalaumu. Mnachokiona ninyi ni nyanya mzee anayekaa mbele kabisa, kando ya ukuta mnaoonyeshea maneno ya nyimbo, ameshika pindo la pazia na kulitikisa. Mngejuaje anachofanya? Tunaojua tumebaki wachache. Kabla hamjamhamisha, nisomeni kwanza mpaka mwisho.

Kazi yangu ilikuwa kuchora chati. Miaka ya tisini palikuwa na kituo cha kufundishia wakulima nje kidogo ya mji wetu, na kituo kile kilikuwa na chumba cha picha. Ofisa akitaka kwenda kufundisha watu habari ya mahindi au miwa, alikuja kwangu akasema, "Madam Selina, nataka chati za kupanda," nami nilichora. Karatasi kubwa zilifungwa juu kwa ubao mwembamba, zikatundikwa kwenye stendi, moja nyuma ya nyingine. Za safari za mbali nilizichora kwenye kitambaa cha marekani, maana karatasi ikinyeshewa njiani inakuwa uji.

Aliyenifundisha ni Mzee Nashon, mchoraji aliyenitangulia, mtu wa maneno machache na kikohozi kingi. Alinifundisha kuchemsha marekani kwanza ili wanga utoke, la sivyo rangi inakaa juu juu na kubanduka. Alinifundisha kwamba rangi nyekundu ikiingia kwenye ukumbi wenye giza inageuka nyeusi, na njano inapotea kabisa. (Brian, yale maneno ya njano mnayoweka kwenye wimbo wa sadaka, mimi huimba kwa kukumbuka tu.) Nikimaliza chati aliibandika ukutani, ananitoa nje, ananisimamisha ng'ambo ya uwanja karibu na tanki la maji. Herufi ambayo siisomi kutoka kwenye tanki inafutwa. Tena alikuwa na neno lake: "Ukichora jembe peke yake, mtu anaona duka. Chora mkono umeshika jembe, ndipo ataona kazi."

Nilichora mikono mingi sana. Na ndivyo nilivyoingia matatani, maana mimi ni wa mkono wa kushoto. Nilichora mama anapanda mahindi, nikachora kama ninavyopanda mimi. Tulipofika Likuyani na chati ile, akina mama wakanyamaza. Ofisa akasema maneno yake yote, hakuna aliyeitikia. Mwishowe mmoja akauliza, huyu anayepandia mkono wa kushoto, mahindi yake yatatoka kweli? Mimi nilitamani ardhi inimeze.

Aliyeniokoa ni Mama Roda, huyu huyu wenu wa pazia. Akaitazama ile picha kana kwamba anaiona kwa mara ya kwanza, akawaambia kwa Kiluhya, "Ninyi hamna watoto? Mkono wa kulia amebeba mtoto. Hamuoni kwa sababu kitambaa kiliisha hapo." Watu wakacheka, wakaanza kuuliza maswali ya mbolea, na somo likaenda vizuri. Njiani kurudi akaniambia, "Selina, nimekuzalia mtoto leo. Utamvisha mwenyewe." Kesho yake niliongeza kipande cha marekani nikamchora huyo mtoto, na kofia nikampa.

Sasa niwaambie Roda alikuwa nani pale kituoni. Alikuwa mkalimani. Maofisa wengi walitoka mbali, wengine wakafundisha kwa Kiswahili ambacho wazee wetu walikisikia nusu nusu. Roda aliyachukua maneno yao akayatia katika Kiluhya, na alijua Kiluhya cha pande nyingi. Akifika kaskazini anageuza ulimi kidogo, akishuka upande wa Mumias anaugeuza tena. Alikuwa na sauti ya kuita ng'ombe kutoka kilima cha pili, na akicheka unasikia raha hata kama ni wewe anayekucheka.

Lakini kulikuwa na desturi moja, na sijawahi kuiona mahali pengine, ingawa huenda ipo. Mwenye kugeuza chati alikuwa mkalimani, sio mfundishaji. Karatasi mpya ikifunuliwa, Roda alishika pembe yake ya chini kwa vidole viwili na hakuiachilia. Ofisa anasema maneno yake. Roda anayasema tena kwa lugha ya watu. Kisha ananyamaza, anawatazama. Wakitoa ile sauti ya "ehee" kutoka tumboni, pembe inainuka na karatasi inageuka. Wasipoitoa, pembe haiendi popote, na ofisa anarudia, awe amesoma mpaka wapi. Nilimwona D.O. mzima, ofisa wa serikali wa tarafa, amesimama anangojea pembe. Hakuna aliyeandika sheria hiyo. Nilipoingia kazini niliikuta, na nadhani Mzee Nashon pia aliikuta.

Halafu ikaja mashine.

Wafadhili walileta kompyuta na projekta, na ndani ya kompyuta programu ya kutengeneza picha za kufundishia, zile mnazoziita slaidi. Pamoja nayo akaja Bwana Mutiso, Mkamba kutoka Machakos, kijana msomi mwenye adabu, aliyekuwa amepelekwa kozi ya kuitumia. Mngedhani mimi mchora chati nilimchukia. Hapana. Yeye ndiye aliyenivutia kiti siku ya kwanza akasema, "Madam Selina, mimi najua kubonyeza, lakini kuchora sijui. Tukae pamoja." Akanifundisha ile mausi, kidude cha kusogeza mezani. Mara ya kwanza niliiinua hewani nikaielekeza kwenye skrini kama rimoti, na hakucheka, au alicheka akiwa ameangalia pembeni.

Picha zilikuwa nzuri, lazima niseme. Kosa ukilifuta halibaki na alama. Rangi unabadilisha bila kuosha brashi. Niliipenda, na bado najiuliza kama niliipenda haraka mno.

Shida ilianzia kwenye pikapu. Pikapu ya kituo mbele ilikaa dereva na watu wawili. Zamani walikuwa ofisa na Roda, mimi na chati zangu tukakaa nyuma, na sikulalamika maana nilikuwa mdogo kwao. Sasa projekta haikuweza kuwekwa nyuma penye vumbi na mitikisiko. Ikapewa kiti cha mbele. Ikawekewa mto, ikafungwa mkanda. Roda akahamia nyuma pamoja nami na jenereta.

"Huyu bibi mpya," akasema akielekeza kidevu kwenye dirisha, "ameolewa lini? Hata chai hajapika, tayari anakaa mbele."

Siku ya kwanza ya mashine tulikwenda ukumbi mmoja upande wa Bukura, somo likiwa miwa. Bwana Mutiso alikuwa amefundishwa kozini kuziwekea picha muda, zinageuka zenyewe. Alifanya hivyo kwa sababu jenereta ilikunywa mafuta na mafuta yalikuwa ya kupima. Sababu nzuri. Tatizo ni kwamba ule muda ulimtosha mtu mmoja kusema. Wetu walikuwa wawili.

Picha ikaonyesha miwa mizuri. Mutiso akasema, "Chagueni mbegu kutoka shamba lenye afya kama hili." Roda akaanza kutafsiri, akawaelekeza watazame, na alipofika kwenye maneno "hii ndiyo mtakayopanda," picha ikageuka yenyewe, ikaja ya muwa mgonjwa, ule unaotoa mjeledi mweusi juu. Roda alikuwa amewapa mgongo ukuta, akiwatazama watu. Hakuona.

Mzee mmoja akasimama kwa furaha. "Hii yenye mkia mweusi? Hii iko kwangu shamba nzima! Kumbe niko na mbegu na sikujua!"

"Hii picha inaendanga wapi mbio hivyo?" Roda akamuuliza Mutiso. "Imeacha maji motoni?"

Watu walicheka, lakini kulitoa lile neno vichwani mwao kulituchukua saa iliyobaki yote, na mpaka leo sijui kama wote walielewa. Muwa wenye mjeledi mweusi unang'olewa na kuchomwa. Ukiupanda, unaambukiza shamba lako na la jirani. Kosa la hivyo halichekeshi ukiwa mwenye shamba.

Safari iliyofuata Mutiso aliondoa muda, akawa anabonyeza mwenyewe. Alijitahidi kumngojea Roda, nilimwona. Lakini hakujua Kiluhya. Roda alikuwa mtu wa kusema, akanyamaza kidogo ili neno liingie, kisha akamalizia. Mutiso akisikia kimya alidhani amemaliza, anabonyeza. Au anaogopa kubonyeza, na watu wameshaelewa zamani, wanapiga miayo. Aliniambia, "Madam, ni kama kucheza ngoma na mtu aliye chumba kingine."

Mkuu wa kituo, Bwana Shikanga, akatuita. Alikuwa mtu wa haki, na alisema wazi. Wafadhili walikuwa wanakuja kuona mashine ikifanya kazi Ekero. Mashine na mkalimani vilikuwa vinagongana, na pikapu haikuwa na nafasi ya vyote. "Ekero mtajaribu kwa Kiswahili peke yake," akasema. "Wakielewa, basi Mama Roda tutamshukuru apumzike. Watu siku hizi wanajua Kiswahili, na picha inajieleza."

Roda hakubisha. Alisema, "Sawa, mkuu," akatoka nje akaenda kuanika marekani zangu zilizokuwa zimeshakauka.

Hapo ndipo ilipoingia habari ya kuwaandikia watengenezaji. Ndani ya boksi la ile programu kulikuwa na kadi. Mutiso akaisoma: kampuni iliyoitengeneza, huko ng'ambo, ilikuwa inaomba anayeitumia awaambie angependa waongeze nini watakapotoa nyingine. Mimi nilidhani ni maneno tu ya adabu, kama vile mtu anakwambia karibu chakula akiwa ameshamaliza. Mutiso akasema hapana, hawa wanasoma kweli.

Tulikaa sisi watatu kwenye chumba cha picha baada ya chakula cha mchana. Roda alikuwa ameleta obusuma, ugali wetu, na kuku, akasema kuku huyo ni wa kutuaga. Mutiso akavuta kibodi, akasema, "Haya. Tuwaambie nini?"

Nikasema tuanze na shukrani, maana hatuwezi kwenda kwa mtu mara ya kwanza na madai. Akaandika shukrani.

Mimi nikasema habari ya yule mkulima. Programu ilikuwa na picha zake tayari, na ukitafuta mkulima unapata mzungu mwenye kofia ya majani, ameshika uma wa nyasi, nyuma yake trekta. Nikaomba watuwekee mama mwenye jembe na leso.

"Na asicheke," Roda akaongeza. "Huyo wao anacheka meno yote. Nani anachekanga akilima?"

Mutiso akaleta la stima. Jenereta ikizima, ikiwaka tena, mashine ilianzia picha ya kwanza, ile ya "Karibuni". Na kwetu ukimkaribisha mtu lazima aitike. Kwa hiyo kila jenereta ilipozima watu walisimama upya, mulembe, mulembe, wakapeana mikono, wakaketi upya. Siku moja tulisalimiana mpaka somo likaisha. Tukaomba mashine ikumbuke ilipofika.

"Na wewe Mama Roda?" Mutiso akauliza. "Ungetaka nini?"

Roda alikuwa anafuta mikono. Akafikiri. "Waambie picha yao haina pembe."

"Pembe iko, mama. Ziko nne."

"Za kuangalia. Mimi nataka ya kushika."

Mutiso alicheka kidogo, kisha akaacha. Akamwomba aeleze. Roda akaeleza kile nilichowaambia ninyi: mmoja anasema, mwingine anashika, na picha haiendi mpaka yule anayeshika amesikia "ehee". Basi Mutiso akakaa muda mrefu na ile sentensi ya Kiingereza, akaifuta, akaiandika, akaifuta. Mwishowe alichoandika, alivyotutafsiria, kilikuwa hivi: kwamba wanaofundisha wanaweza kuwa wawili, basi kuwe na vitufe viwili, wa kwanza akibonyeza, picha isiondoke, ionyeshe tu alama kwamba inamngojea wa pili, na wa pili akibonyeza, ndipo igeuke.

Nilimuuliza kama hatuonekani wajinga, kuwaambia watu wa mashine namna ya kutengeneza mashine. Akasema, "Madam Selina, wao hawajawahi kufundisha Bukura." Bado nilikuwa na wasiwasi. Nikamwomba aongeze mwishoni kwamba kama tumekosea watusamehe. Akaongeza. Barua tukaituma.

Jibu halikuwa limekuja siku ya Ekero ilipofika.

Ukumbi ulikuwa wa kanisa. Tulifunika madirisha kwa mablanketi na magunia ili giza liingie. Skrini tuliyokuwa nayo ilikuwa imechanika, kwa hiyo mke wa mchungaji alitoa shuka lake jeupe la harusi, lenye maua yaliyodariziwa ukingoni, tukalitundika kwa kamba. Miwa yote siku ile ilizungukwa na maua. Wafadhili walikaa safu ya pili, Bwana Shikanga kando yao. Mutiso na mashine walikuwa katikati ya ukumbi, huku sauti yake ikitoka nyuma ya watu na picha ikiwa mbele, mpaka wazee wakawa hawajui wageukie wapi.

Roda aliruhusiwa kuja, lakini akae na watu. Alikaa benchi la mbele, mwisho, penye kona. Shuka lilikuwa limening'inia karibu na goti lake.

Mutiso akaanza kwa Kiswahili. Alifundisha vizuri, polepole, wala simnyimi sifa zake. Watu walitazama, wakatikisa vichwa kwa heshima ya wageni. Lakini ile "ehee" haikutoka. Mimi niliisikiliza kama unavyosikiliza mvua unapokuwa umeanika nguo, haikutoka. Picha ya mbegu ikapita. Ikaja ya mjeledi mweusi. Hapo mama mmoja mzee akauliza jambo kwa Kiluhya, na Mutiso akamtazama asijue la kumjibu. Mama yule alikuwa ameuliza huu wenye mkia mweusi unapandwa kichwa juu au kichwa chini.

 Nikamwona Bwana Shikanga anajikuna shavu. Yeye alikuwa ameelewa swali, na alielewa pia maana yake. Roda hakuinuka. Alimgeukia tu, akamtazama, anangoja. Naye mkuu, namsifu mpaka leo kwa hilo, akaitikia kwa kichwa mbele ya wageni wote.

Roda akaanza. Na mkono wake, bila yeye kujua, naamini kabisa bila kujua, ukashuka ukashika pembe ya shuka kwa vidole viwili.

Aliwaambia huo mkia ni ugonjwa, ni wa kung'oa na kuchoma, hata kama ni shamba la shemeji yako. Akanyamaza ili neno liingie. Mutiso nyuma akasikia kimya, akabonyeza. Roda akaona mwanga umebadilika magotini mwake, akavuta pembe kwa hasira kama unavyomvuta mtoto anayetoroka. Shuka likakunjamana, na miwa yote iliyokuwa kwenye picha ikainama ikasujudu.

Ukumbi ulilipuka kwa kicheko. Mutiso akarudisha picha ya nyuma upesi. Kisha nikasikia sauti yake kutoka gizani, "Mama Roda! Nimekuona. Shika hapo hapo. Ukimaliza, tikisa."

Hilo lilikuwa lake Mutiso, msije mkasema Roda peke yake ndiye aliyegundua. Yeye alishika kwa mazoea. Mutiso ndiye aliyeelewa.

Tangu hapo ilienda kama maji. Mutiso alisema, Roda akasema, watu wakatoa "ehee" mpaka magunia ya dirishani yakatetemeka, pembe ikatikiswa, picha ikageuka. Yule mama mzee alipoulizwa mwishoni muwa wenye mkia mweusi tunaufanyaje, akajibu kwa sauti, "Moto!" Na mmoja wa wafadhili alimjia Mutiso baadaye na kalamu mkononi, akamuuliza ni amri gani katika ile programu inayofanya picha zitikisike kabla ya kugeuka, kwa kuwa programu ya kwake haina hiyo.

Wakati wa kurudi Bwana Shikanga alifika kwenye pikapu, akafungua mkanda wa projekta, akaitoa kwenye kiti chake. Akapanda, akaipakata mapajani kama mtoto aliyelala. Akasema, "Mama Roda, panda. Tutabanana." Mutiso akaja nyuma pamoja nami na jenereta, na tai yake na kila kitu. Njia nzima tulimsikia Roda anamwambia mkuu huko mbele, "Mshike vizuri huyu bibi, asije akalia," na mkuu anacheka.

Jibu kutoka ng'ambo lilikuja baada ya muda mrefu, tulikuwa tumeshasahau. Walishukuru. Ya stima walisema wataiangalia. Ya mama mwenye jembe hawakutaja, labda ilipita macho yao. Kuhusu vitufe viwili walisema wamesoma kwa makini ila hawakuelewa jambo moja. Kwa kawaida, walisema, anayezungumza ndiye anayegeuza. Huyu mtu wa pili ni nani?

Mutiso alilisoma swali hilo mara mbili. Roda alikuwa mlangoni na lile shuka la Ekero begani, maana mke wa mchungaji alimpa, alisema sasa ni lake.

"Si uwaambie," akasema. "Ni mimi."

"Niandike hivyo tu?"

"Andika. Ni mimi, ninayengojea watu."

Mutiso akaandika. Hawakujibu tena. Pengine barua ilipotea, pengine walibaki wanafikiri. Pengine hata walikiweka hicho kitufe na mimi sijakiona, maana hizi mashine zenu zina mambo mengi nisiyoyajua. Kama kipo, nitafuta maneno yangu.

Na sasa, Brian na Sheila. Macho ya Roda hayasomi tena maneno ya ukutani, kwa hiyo msidhani anakaa mbele ili asome. Anakaa pale kusikiliza. Nyuma yenu kuna wazee ambao ubeti wanaumaliza baada ya gitaa lenu kuumaliza, na mnapogeuza upesi wananyamaza katikati ya mstari, wanafunga midomo kwa adabu. Ninyi hamuwasikii kwa sababu ya spika. Yeye anawasikia. Amekuwa anawaambia ninyi tangu mlipoleta projekta, Jumapili baada ya Jumapili, kwa lugha pekee ambayo mtu wa mashine aliwahi kumwelewa.

Kile kiti chenye mto mpelekeeni pale pale alipo. Na wimbo ukianza, kabla hujabonyeza, Brian, tazama pazia.